Pombe ya Nani?

Jumamosi moja, kwenye maonyesho ya vyakula jijini Nairobi, kijana mmoja alikuwa amepanga chupa zake mezani chini ya hema. Aliwaonjesha wapita njia muratina, pombe ya asali ya Wakikuyu, kwenye vikombe vidogo vya kumeza mara moja. Mzee mmoja akapokea chake, akakinusa, akadondosha tone kwenye nyasi, ndipo akaonja.

"Guka, unaionaje?" kijana akauliza, akimwita babu kwa Kikuyu.

"Nzuri. Ni ya nani?"

"Ni yetu. Tunaipika wenyewe."

"Sikuulizi mpishi. Nauliza, nani anaoa?"

Watu wakacheka, ila mzee hakuwa anatania. Kwa watu wa rika lake, pombe ya asali haikupikwa ili iwepo tu. Ilipikwa kwa sababu kuna jambo: posa, tohara, upatanisho wa waliokosana, au sadaka kwa wahenga. Lile tone la kwenye nyasi lilikuwa fungu la wahenga, ambao hawatanguliwi na mtu.

Jina lenyewe si la asali. Muratina ni mti ambao kwa Kiswahili huitwa mwegea, wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa vikonyo kama kamba. Tunda bichi ni sumu. Hukatwa, huanikwa juani hadi likauke, kisha huchemshwa ili uchungu utoke. Vipande hivyo ndivyo vinavyotumbukizwa kwenye maji yaliyochanganywa na asali, na chombo kikawekwa karibu na moto kwa sababu baridi huilaza pombe. Hamira hujificha ndani ya nyuzinyuzi za tunda. Ikipata joto huamka, povu likapanda, na utamu ukaanza kugeuka ukali. Pombe ikiiva, vipande hutolewa, huanikwa tena na kutunzwa hadi shughuli nyingine. Kwa hiyo pombe ya harusi ya binti huenda ilichachushwa na vipande vilevile vilivyochachusha ile ya tohara ya kaka yake.

Katika ruracio, mazungumzo ya mahari, pombe hiyo ndiyo iliyobeba swali. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, anaeleza jinsi pombe ilivyoandamana na hatua za ndoa ya Kikuyu, kuanzia ile ya kuulizia. Wageni huleta, wenyeji hupokea, lakini hakuna anayekunywa kabla binti hajaitwa. Hupewa pembe iliyojaa. Akipiga funda na kumpa baba yake, amekubali, na wazee wako huru kunywa. Akikataa, pombe imekosa mwenyewe. Waswahili husema mchovya asali hachovyi mara moja. Binti huyu alitosheka na funda moja, nalo lilimfunga maisha.

Kunywa nako kulikuwa na ngazi zake. Pombe ilikuwa ya wazee. Kijana aliyebeba kibuyu kwenda kwa wakwe hakuwa na ruhusa ya kulamba hata kifuniko.

Mengi yamebadilika. Waumini wengi wa makanisa waliikataa pombe, na katika nyumba nyingi pembe imeachia nafasi soda. Asali ilipopanda bei, sukari ikaingia mtungini. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo nayo ikataka mpika pombe wa kuuza awe na leseni na bidhaa yake ifikie viwango. Yule kijana wa hemani amezaliwa katika mabadiliko hayo. Yeye anaitegemea ile methali: mpita njia aonje, arudi, anunue. Simlaumu. Bila vijana kama yeye, watoto wa mjini wangejua muratina kwa kusimuliwa tu. Ila chupa imebeba ladha na kuliacha swali nyumbani.

Mzee alirudisha kikombe akiwa amekishika kwa mikono miwili. Kijana akataka kumwongezea.

"Inatosha," akasema. "Siku utakapopeleka posa, niite. Hiyo nitakaa chini niinywe."