Akili mnemba na ukomo wa hedhi (3): Kwa nini daktari haonekani katika jibu

Katika makala mbili zilizopita tuliona jinsi akili mnemba inavyofunzwa kwa maandishi, na jinsi inavyoweza kutamka jambo lisilo kweli kwa lugha tamu. Leo nataka tukae na swali moja. Mwanamke aliyekaribia kukoma hedhi anapoiuliza simu yake nani atamtibu, jibu linamtaja nani, na kwa nini huyo? Nitazungumzia zaidi Marekani, kwa kuwa huko tiba hii imekuwa biashara kubwa, na huko ndiko yanakotoka mengi tunayoyasoma sisi.

Kitabibu, mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Wengi hufika hapo kati ya umri wa miaka 45 na 55. Lakini kabla ya hapo kuna miaka kadhaa ya mpito: hedhi inaruka miezi, joto linampanda mtu usiku hadi shuka linalowa, usingizi unakatika, viungo vinauma, moyo unaenda mbio bila sababu. Pwani yetu, msichana aliyevunja ungo alikuwa na somo au kungwi wa kumfunda. Hedhi inapoaga, wengi huachwa peke yao, na mengi huishia kwenye neno moja, “umri”.

Marekani nako hawako mbali na hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Mayo Clinic uliwauliza madaktari waliokuwa mafunzoni katika fani za uzazi, tiba ya familia na magonjwa ya ndani kama wako tayari kumhudumia mwanamke wa rika hili. Waliosema wameandaliwa vya kutosha walikuwa asilimia 6.8. Mmoja kati ya watano hakuwahi kupata hata mhadhara mmoja juu ya jambo hilo katika mafunzo yake. Mgonjwa anayetoka chumba cha daktari wa namna hii mikono mitupu ataiuliza simu, na simlaumu.

Sehemu ya upungufu huo ina historia. Julai 2002, utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani kuhusu afya ya wanawake ulisimamisha kabla ya wakati jaribio lake la vidonge vya homoni za estrojeni na projestini, tiba ya wanawake waliokoma hedhi. Walioshiriki jaribio hilo walikuwa wanawake 16,608, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63. Katika kila wanawake 10,000 waliotumia vidonge hivyo kwa mwaka mmoja, saratani ya matiti iliwapata 8 zaidi kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Habari hiyo ilienea kama moto wa nyika. Madaktari waliacha kuandika dawa, wanawake wakazitupa, na vyuo vikapunguza kufundisha. Miaka iliyofuata uchambuzi mpya ulionyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka kumi tangu hedhi ikome, faida mara nyingi huzidi hatari. Novemba 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuanza kuondoa sehemu kubwa ya onyo kali lililokuwa limebandikwa kwenye dawa hizo tangu 2003.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu mashine imelishwa yote hayo kwa pamoja: hofu ya 2002, masahihisho ya baadaye na matangazo ya juzi. Yenyewe haikuishi miaka hiyo. Inachokijua ni kwamba maneno fulani huandamana na maneno fulani.

Sasa tuingie jikoni. Jibu la akili mnemba hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya mafunzo, yaani yale iliyoyameza kabla hujauliza. Ya pili ni kutafuta papo hapo: mashine huchungulia kurasa chache za intaneti, ikazifupisha, ikaziandika upya kwa sauti yake. Ukiuliza “tiba ni ipi?”, njia zote mbili huelekea kwenye taasisi kubwa zenye maandishi mengi, mfano Mayo Clinic, Cleveland Clinic au huduma ya afya ya Uingereza, NHS. Hapo jibu mara nyingi huwa zuri. Ukiuliza “nani atanitibu?”, mambo hubadilika, kwani mtu anayejua kutibu na mtu anayejua kuandika kuhusu tiba si lazima wawe mmoja.

Mfikirie daktari wa mji mdogo wa Ohio aliyetumia miaka ishirini kuwasikiliza wanawake hawa. Ukurasa wake wa intaneti una jina, namba ya simu na saa za kufungua. Upande wa pili ipo kampuni ya tiba kwa njia ya video, yenye waandishi wa kuajiriwa, makala mamia, maswali na majibu, na maoni ya wateja maelfu. Mashine itaokota wapi? Zamani Google ilitoa viungo kumi kwenye ukurasa wa kwanza, na daktari yule aliweza kuwa wa saba, mtu akamwona. Aya moja ya akili mnemba ina nafasi ya majina mawili au matatu. Wa saba hayupo.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walipima jambo hili kwa majaribio. Ukurasa ulioongezewa takwimu, nukuu na marejeo uliweza kuongeza kuonekana kwake katika majibu ya mashine kwa hadi asilimia 40. Tazama kilichobadilika: maandishi tu. Ujuzi wa mwenye ukurasa ulibaki pale pale ulipokuwa. Leo wapo wanaoziuzia kliniki huduma ya kurekebisha maandishi hivyo, na kliniki yenye fedha ndiyo inayoinunua.

Ingekuwa ni viatu tunavinunua, nisingesumbuka. Lakini tiba hii inataka mtu ajulikane. Mwanamke mwenye kizazi akipewa estrojeni pekee, hatari ya saratani ya kizazi hupanda, hivyo huongezewa homoni ya pili ya kumkinga. Aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa hupimiwa njia nyingine, na mara nyingi jeli au kiraka cha ngozini hufaa kuliko kidonge. Na aliyekwisha koma hedhi kisha akaona damu, hata tone, anahitaji kupimwa na daktari haraka kabla ya ushauri mwingine wowote.

Njia ya kumpata mjuzi ipo. Chama cha Marekani kiitwacho The Menopause Society huwapa mtihani wahudumu wa afya, na waliofaulu huwekwa kwenye orodha iliyo wazi kwa umma. Chama cha Uingereza, British Menopause Society, nacho kina orodha yake. Mwenye kuishi huko namshauri aianze safari yake kwenye orodha hizo, kisha ndipo azilinganishe na majina aliyopewa na simu.

Anayeuliza kutoka Tabora au Kisumu ana tatizo la ziada. Kampuni za Marekani za tiba kwa video hufungwa na leseni za majimbo, na daktari wa kampuni hizo hana ruhusa ya kumtibu mtu aliye Kisumu, hata kama jibu limemtaja kwa Kiswahili safi. Katika maandishi ya intaneti yanayokusanywa kufunzia mashine hizi, Kiingereza huchukua zaidi ya asilimia 40. Kiswahili hakifiki hata asilimia 1. Madaktari bingwa wa magonjwa ya wanawake wapo Muhimbili, wapo Kenyatta, wapo katika hospitali nyingi za mikoa na kaunti. Mabaraza ya madaktari ya Tanzania na Kenya yanayo majina yao yote. Jinsi rejista hizo zilivyo, na namna mwananchi wa kawaida anavyoweza kuzisoma, ndiyo kazi ya makala ya wiki ijayo.