Kazi za Miezi Kumi na Miwili Katika Ufaransa ya Kale

Kalenda unayotundika ukutani hukuonyesha tarehe. Zamani huko Ulaya kalenda ilionyesha pia kazi za shamba kwa picha, mwezi baada ya mwezi. Mkulima wa skimu, inafaa uzijue picha hizo, kwa maana ndani yake kuna jambo linalohusu mbegu yako na chakula cha watoto wako.

Picha zenye sifa kubwa zimo katika kitabu cha sala alichotengenezewa Jean, Bwana wa Berry, mwana wa mfalme wa Ufaransa. Wachoraji walikuwa ndugu watatu: Paul, Herman na Jean Limbourg. Walianza kazi yapata mwaka 1412. Mwaka 1416 wote watatu walikufa, na bwana wao pia, kitabu kikiwa hakijamalizika. Wengine walikimaliza baadaye. Leo kimehifadhiwa Chantilly, kaskazini ya Paris.

Tazama sasa kazi zenyewe. Mwezi wa Februari nchi imefunikwa na theluji. Watu wanaota moto, kondoo wako zizini, na mtu mmoja anakata kuni. Hakuna jani la kulisha mnyama. Machi mzee mmoja analima kwa plau ya maksai wawili, na wengine wanapogoa mizabibu. Juni wanaume wanafyeka majani, na wanawake wanayakusanya kwa reki ili yakauke. Majani hayo ndiyo chakula cha wanyama wakati wa baridi. Julai ngano inakatwa kwa mundu na kondoo wananyolewa manyoya. Septemba zabibu zinachumwa. Novemba nguruwe wananenepeshwa kwa matunda ya miti ya mwituni, kisha huchinjwa na nyama kutiwa chumvi.

Lakini picha ya kutazama sana ni ya Oktoba. Mtu mmoja anatupa mbegu za ngano kwa mkono. Mwingine yuko juu ya farasi avutaye haro, na juu ya haro limewekwa jiwe ili meno yaingie vizuri ardhini na kuzifukia mbegu. Katikati ya shamba imesimamishwa sanamu ya mtu mwenye upinde, na kamba zimetandazwa ili kuwafukuza ndege. Hata hivyo ndege wamekwisha fika, wanadonoa mbegu.

Kwa nini taabu yote hiyo kwa ajili ya ndege? Siku zile punje moja ya ngano iliyopandwa ilizaa punje tatu hadi tano tu. Fanya hesabu. Ukipanda gunia 1 ukavuna magunia 4, gunia 1 ni lazima liwekwe kuwa mbegu ya mwaka ujao. Katika mavuno, Kanisa lilichukua sehemu moja ya kumi, na mwenye ardhi alidai haki yake. Kilichobaki ndicho kilicholisha nyumba mwaka mzima. Basi ndege aliyekula punje moja alikuwa amekula mavuno ya punje hiyo pia.

Picha hazionyeshi njaa, kwa kuwa zilichorwa kumpendeza mtu mkubwa. Lakini njaa ilikuwako. Toka mwaka 1315 hadi 1317 mvua zilizidi mno katika nchi za kaskazini ya Ulaya. Ngano ilioza na majani hayakukauka. Watu wengine walichinja maksai wao na kula mbegu yao. Mvua ilipotulia hawakuwa na cha kupanda wala cha kulimia, na shida ikaendelea. Watu wengi sana walikufa.

Kwetu Kenya mambo ni mengine. Mahindi chotara ya kwanza ya Kitale yalitolewa kwa wakulima mwaka 1964, na gunzi moja lina punje mamia. Lakini mbegu chotara haifai kuwekwa kutoka ghalani, kwa sababu ukiipanda tena mazao hupungua. Ni lazima ununue mpya kila msimu. Kwa hiyo mbegu yako siku hizi ni fedha. Mtu anayetumia fedha yote ya mavuno bila kuweka ya mbegu na mbolea amefanya kama wale waliokula ngano ya kupanda.

Basi fanya mambo haya matatu:

1. Siku unayouza mazao, tenga kwanza fedha ya mbegu na mbolea.

2. Majani yakiwa mengi, yakate kabla hayajakomaa sana, yakaushe na uyaweke mahali pasiponyesha, ili ng'ombe wako wasikose maziwa wakati wa kiangazi.

3. Chukua karatasi, andika miezi 12, na kando ya kila mwezi andika kazi yake kwa kufuata mvua ya kwenu. Mwulize Bwana Shamba pale usipokuwa na hakika. Itundike mahali ambapo watu wote wa nyumbani wataiona.