Shule ya kutwa: Gredi ya wastani haisemi yote
Na Mwandishi Wetu

JOGOO wa kwanza anapowika katika vijiji vilivyo karibu na soko la Kalamba, Makueni, kuna mtoto ambaye tayari yuko macho. Ana maji ya kuchota na mbuzi wa kufungulia kabla ya kushika njia ya shule. Jioni atairudia njia hiyo hiyo, na kitabu atakifungua baada ya kazi za nyumbani kwisha.

Huko Nairobi, kuna mzazi anayeshika barua ya mwanawe ya kuitwa shuleni. Anaisoma mara mbili, kisha anaguna. "Shule ya kutwa? Tena ya kijijini?" Anatafuta matokeo ya shule hiyo, anakuta gredi ya wastani ni D+, na moyo unamwenda mbio. Je, mtoto wake ametupwa?

Msomaji, kabla hujaitupa barua hiyo, uliza kwanza: ni akina nani wanaofundishwa katika shule hiyo?

Wanaobaki wa mwisho

Kwa miaka mingi, wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walichaguliwa kwa ngazi. Shule za kitaifa zilianza kuchukua wenye alama za juu. Zikafuata za ngazi ya kaunti, na mwishowe zile za kaunti ndogo, ambazo nyingi ni za kutwa. Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, majina yalibadilika yakawa makundi, C1 hadi C4, na shule nyingi za kutwa zikaangukia C4.

Kwa hivyo shule ya kutwa hupokea yule ambaye wengine hawakumchagua. Humpokea pia aliyeitwa shule ya bweni lakini kwao hakuna karo. Mwaka 2018, serikali ilipanga kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya umma shilingi 22,244 kwa mwaka. Kwa shule ya kutwa, mzazi alibakiwa na sare na chakula cha mchana. Kwa bweni, karo ilifika shilingi 53,554 katika shule kubwa na 40,535 katika nyinginezo, bila kuhesabu sanduku, godoro na nauli.

Darasa hilo pia lina msichana aliyejifungua akarejea masomoni, kama sera ya mwaka 1994 inavyomruhusu. Lina mvulana aliyekatiza masomo akapakie mchanga kwenye malori au aendeshe bodaboda, kisha akarudi akiwa mkubwa kuliko wenzake. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, lakini mfuko mtupu nyumbani bado una nguvu ya kumvuta mtoto. Wapo pia waliozaliwa mjini na kupelekwa kwa susu, kama Wakamba wamwitavyo nyanya, maisha ya jijini yalipokuwa magumu.

Mvua na sahani

Ukambani, mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Disemba. Ikinyesha vyema, kuna ndengu, kunde na mbaazi za kuuza. Maembe nayo yana soko lake, na Kalamba kwenyewe kuna kiwanda cha matunda cha kaunti. Mvua ikikosa, pesa ya chakula cha mchana hukosa pia. Mtoto wa bweni aliyelipiwa karo amekwisha kulipiwa sahani yake. Wa kutwa hukaa akisikiliza hesabu huku harufu ya muthokoi ikitoka jikoni, asijue kama jina lake limo kwenye orodha ya waliolipa.

Hali hii ndiyo inayoingia katika gredi ya wastani, ingawa haiandikwi popote.

Hesabu iliyofichika

Tuchukue mfano mdogo. Darasa lina watahiniwa kumi. Watatu wamepata C+, yaani pointi saba kila mmoja. Saba wamepata D, pointi tatu kila mmoja. Jumla ni pointi 42, na wastani ni 4.2, ambayo ni D+. Anayetazama wastani pekee atasema shule imeanguka. Hataona kwamba watatu wamefikisha alama ya chini ya kuingia chuo kikuu. Mwaka 2024, waliofikisha alama hiyo nchini kote walikuwa 246,391, takriban robo tu ya watahiniwa wote.

Nao wale saba? Mwenye D anaweza kusomea cheti katika chuo cha ufundi, na mwenye C- anaweza kuchukua diploma. Hata mwenye E ana nafasi ya kujifunza ufundi wa mkono.

Hatusemi D ni alama ya kujivunia. Kuna shule ambazo walimu ni wachache, maabara ni chumba chenye kufuli, na uzembe hufunikwa kwa kisingizio cha umaskini. Shule ya namna hiyo yafaa iulizwe maswali makali. Lakini swali la haki ni hili: mtoto aliingia na alama gani, na ametoka na gani? Shule iliyompokea mwenye alama 200 kati ya 500 za KCPE ikamtoa na C imefanya kazi kubwa, pengine kuliko iliyompokea mwenye alama 400 ikamtoa na B.

Ewe mzazi uliye na barua mkononi, nenda shuleni ukaulize. Walimu wa hisabati na sayansi ni wangapi? Walioingia Kidato cha Kwanza walikuwa wangapi, na waliofika cha Nne ni wangapi? Chakula cha mchana kinagharimu pesa ngapi? Kisha umuulize susu kama mtoto atapata taa, na saa moja ya kusoma bila kutumwa.

Wazee wa Ukambani walijenga shule nyingi kwa mwethya, kila mtu akileta jiwe, maji au mchanga. Walizijenga kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa na pengine pa kwenda. Mtoto huyo bado yupo, na kesho alfajiri atakuwa njiani tena.