Jeff Feagles: Panta aliyedumu NFL miaka 22

Kwenye futiboli ya Marekani, timu hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Ikikwama, kwa kawaida nafasi ya nne huachiwa panta: anaupiga mpira mbali, ili wapinzani waanzie nyuma kabisa.

Kwa kawaida timu huwa na panta mmoja tu. Akivurunda mechi mbili tatu, anaweza kuachwa, akaitwa mwingine.

Ndiyo maana Jeff Feagles anashangaza. Mwaka 1988 hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, lakini Patriots ikampa mkataba. Baadaye akapita Eagles, Cardinals, Seahawks na Giants. Timu tano, mechi 352 mfululizo, bila kukosa hata moja.

Siri yake? Si nguvu tu, bali shabaha. Aliulenga mpira utoke pembeni, karibu na mstari wa mwisho, wapinzani wasipate nafasi ya kukimbia nao.

Hata jezi ilimlipa: alimwachia Eli Manning namba 10, akalipiwa likizo ya familia Florida.

Februari 2008, akiwa na miaka 41, hatimaye akabeba Super Bowl na Giants, 17-14. Waliolala? Patriots, waajiri wake wa kwanza.