Butembo na Beni: Droo za chini ya kitanda zapunguza msongamano, na kulinda makaratasi

Katika nyumba nyingi za Butembo na Beni, nafasi ya mwisho ambayo haijachukuliwa na mtu wala kitu ni ile ya chini ya kitanda. Mara nyingi hutupwa humo valizi ya zamani, viatu visivyovaliwa, mfuko wa nguo za watoto na bidoni tupu. Kitanda chenye droo za kina kirefu, tirwari kama wengi wanavyoziita kwa Kifaransa, kinaweza kuleta mpango. Lakini droo isiyogawanywa ndani hugeuka haraka kuwa shimo jingine la kupotezea vitu.

Jambo hili lina uzito wake hapa. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia kuzunguka Beni yamewahamisha watu mara kwa mara. Mwishoni mwa Juni 2024, waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga, jamaa nyingi zilishika njia ya Lubero na Butembo. Wengi wa wanaohama hawaendi kambini, wanapokelewa na ndugu, rafiki au watu wa kanisa lao. Chumba cha watu watatu kinakuwa cha watu saba, na kila mmoja ana kifurushi chake.

Hesabu ya nafasi

Kitanda cha sentimita 190 kwa 120, kikiwa na sentimita 30 za nafasi chini yake, kina ukubwa wa litre 684. Ukitoa unene wa mbao na nafasi ya droo kuteleza, bado unabaki na nafasi inayokaribia bidoni 30 za litre 20. Ni sawa na kabati dogo, bila kupunguza hata hatua moja ya sakafu.

Kabla ya kumuita fundi, kuna vipimo vitatu vya kuchukua: urefu kutoka sakafu mpaka mbao zinazobeba godoro, upana wa nafasi mbele ya kitanda, na mahali mlango unapofungukia. Droo ya sentimita 90 inahitaji sentimita 90 wazi mbele yake ili itoke yote. Katika chumba chembamba, droo mbili fupi ni bora kuliko moja ndefu. Kama kitanda kimegusa ukuta upande mmoja, droo zote zitoke upande wa pili au miguuni.

Mbao pia ni za kuchagua. Mkaratusi unapatikana sana kwenye vilima vya Butembo na Lubero, lakini ukikatwa na kutumiwa ukiwa mbichi hujipinda, na droo hukwama. Libuyu, inayotoka misitu ya upande wa Mambasa, hutulia zaidi ila bei yake ni kubwa. Wengi huchanganya: mkaratusi mkavu kwa fremu, tripleksi kwa sakafu ya droo na vigawanyo. Fundi aache milimita tatu au nne kila upande, kwa sababu mbao huvimba msimu wa mvua.

Magurudumu madogo yanafaa kwenye sakafu ya simenti. Kwenye sakafu ya udongo yanazama, na hapo vipande viwili vya mbao ngumu chini ya droo, vilivyopakwa mshumaa au sabuni kavu, huteleza vizuri zaidi.

Kugawanya ndani

Kosa la droo ya kina kirefu ni kupanga vitu kwa kuvirundika. Kinachohitajika kila siku kinaenda chini kabisa, na kila asubuhi mtu anafukua. Dawa yake ni kugawanya kwa njia mbili: kwa upana na kwa kimo.

Kwa upana, fundi hukata vipande vya tripleksi vyenye kimo cha sentimita 20 au 25. Kimoja hupasuliwa kutoka juu mpaka katikati, kingine kutoka chini mpaka katikati, kisha vinaingizwa kimoja ndani ya kingine na kufanya msalaba. Upana wa mpasuo uwe sawa na unene wa tripleksi. Hakuna msumari wala kola, hivyo vigawanyo vinaweza kutolewa siku mahitaji yakibadilika.

Kwa kimo, sinia la mbao lenye kina cha sentimita 8 au 10 hukaa juu ya vijiti viwili vilivyopigiliwa ndani ya droo. Likiwa nusu ya urefu wa droo, linasukumwa huku na huku, na kilicho chini kinaonekana bila kulitoa. Juu hukaa vitu vyepesi vya kila siku kama soksi, vitambaa, daftari na chaja. Chini hukaa mashuka, blanketi na nguo za sherehe.

Asiye na pesa ya fundi hakosi njia. Karton ngumu za bidhaa, ambazo hazikosekani katika mji wa wafanyabiashara kama Butembo, hukatwa kwa kimo cha droo na kuwa visanduku. Bidoni ya mafuta ya kula ya litre tano, ikikatwa ubavu na kuoshwa vizuri, inabeba viatu vya mtoto. Kopo la maziwa ya unga linashika sindano, nyuzi na vifungo. Nguo zikikunjwa na kusimamishwa kama vitabu, badala ya kulazwa, zote zinaonekana mara moja na kuchukua moja hakubomoi zingine.

Unyevu, panya na watoto

Butembo iko kwenye baridi ya milima, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha miezi mingi. Nguo isiyokauka vizuri ikifungiwa ndani ya droo huota ukungu kwa siku chache. Matundu kadhaa nyuma ya droo huruhusu hewa kupita, na kipande cha makala kwenye kikopo kilicho wazi hupunguza unyevu. Siku ya jua, droo zitolewe nje zote. Beni iko chini zaidi na ina joto, lakini nako unyevu haukosekani.

Chakula hakifai humo hata kidogo, kwa kuwa panya hufuata unga kisha humaliza nguo. Dawa za hospitali, dawa za wadudu na petroli pia zikae mbali, kwani droo ya chini ni ya kwanza ambayo mtoto anaifikia.

Sehemu ya makaratasi

Sehemu iliyo muhimu kuliko zote ni ndogo. Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha Wakongo wengi, na akiipoteza, mtu hulazimika kwenda mtaani kuomba cheti cha upotevu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto hakilipiwi mzazi akimuandikisha ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, lakini muda huo ukipita lazima apitie mahakama. Diploma ya taifa na makaratasi ya kiwanja ni vigumu zaidi kuyapata tena, hasa kama ofisi iliyoyatoa iko eneo lenye vita.

Kwa hiyo sehemu moja iachwe kwa makaratasi peke yake, kwenye sinia la juu, upande ulio karibu na mlango. Kila mtu awe na bahasha yake yenye jina, na zote ziingie katika mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, wenye kamba ya kubebea. Anayeondoka usiku bila taa aweze kuushika kwa kupapasa. Picha za makaratasi kwenye simu, na nakala kwa ndugu wa mji mwingine, husaidia, ingawa hazichukui nafasi ya karatasi yenyewe.

Jamaa iliyopokelewa nayo inahitaji sehemu yake, hata kama ni robo ya droo moja. Vitu vya wageni vinapochanganyika na vya wenyeji, ugomvi huanzia kwenye kitambaa kilichopotea au pesa zisizoonekana. Kufuli dogo na mpaka wa tripleksi huzuia maneno mengi. Tena humpa aliyekuja na kifurushi kimoja mahali anapoweza kusema ni pake, mpaka njia ya kurudi kijijini ifunguke.