Samaki wa Kukaanga kwa Mgeni Mwenye Mzio

Wazee walipotaja mzio walikuwa na maana ya chakula ambacho mtu hukiepuka kwa kuwa humdhuru. Waganga wa hospitali nao hulitumia neno hilo, na sababu wameieleza: mwili wa mtu huyo hukidhani chakula kuwa adui, ukapigana nacho. Mwenye mzio mkali wa karanga, akila kidogo tu, aweza kufura midomo na ulimi, kutoka vipele, kutapika na kuzibwa pumzi. Huyo apelekwe hospitali pale pale achomwe sindano, maana akicheleweshwa aweza kufa. Basi mgeni akisema, "Mimi sili karanga," asidhaniwe kuwa ana maringo, wala asitiliwe kidogo kwa siri ili ajaribiwe.

Twaweza kumpikia samaki mzuri bila karanga. Twaa minofu ya sato yenye ngozi (watu wa pwani watwae changu), uikaushe barabara kwa kitambaa safi. Wapishi wengi huliruka jambo hili, kisha hulaumu kikaango! Maji yaliyo juu ya samaki hayana budi kugeuka mvuke kwanza, na wakati huo ngozi haikauki bali hunata. Tia chumvi. Pasha mafuta kidogo ya alizeti yapate moto sana, ulaze minofu, ngozi chini, uikandamize kwa mwiko kitambo kidogo, kisha usiiguse. Ikiwa imeshika, bado. Ngozi ikiisha kukauka hujiachia yenyewe. Nyama ikigeuka nyeupe karibu kufika juu, igeuze, uipe dakika 1 au 2 tu.

Kwa mchuzi, kaanga kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, tia nyanya, uzichemshe hata zivunjike, kisha maji ya ukwaju. Ukitaka uwe mzito, uache uchemke hata upungue. Usitie unga wa ngano wala maziwa, kwa kuwa hivyo navyo ni mzio wa watu wengine.

Lakini kazi yote hiyo yaweza kuharibiwa na kinu. Kinu cha mti kilichotwanga karanga, hata kikifutwa, hubaki na mabaki yake, wala moto hauondoi madhara hayo, maana karanga zilizokaangwa hudhuru vilevile. Viungo vitwangwe katika kinu kingine. Kikaango, mwiko na kisu vioshwe kwanza kwa sabuni na maji ya moto. Tena mgeni aulizwe mapema, kwa kuwa wako watu ambao mzio wao ni samaki mwenyewe. Hao wapikiwe kuku, katika chungu kingine.