Saa ya Kompyuta Nayo Iseme Kiswahili

Mwanafunzi wangu aliitazama saa ya kompyuta, akasoma: "Saa saba asubuhi." Darasa likaangua kicheko, naye akanywea. Kosa, wasomaji wapenzi, halikuwa lake. Sisi huhesabu saa tangu mapambazuko. 7:00 ya mashine kwetu ni saa moja. Mashine haijui hilo. Na itajuaje iwapo tumenyamaza? Windows 11 ilipotolewa mwaka 2021, saa yake haikuonyesha sekunde. Watumiaji wakalalamika, na mwaka 2023 zikaongezwa. Ikiwa sekunde zilipata watetezi, sembuse hesabu nzima ya siku yetu? Walimu na wanafunzi, tuwaandikie waundaji wa programu watupe hiari ya kuchagua saa za Kiswahili. Mwacha mila ni mtumwa.